Oblivion Express ya Brian Auger: anayeimba ni nani, na mbona hatajwi popote?

SikioLaJioni

Wakuu, salaam. Wakubwa wangu shikamooni.

Mjomba wangu alifariki akaniachia maboksi mawili ya santuri. Nyingi nilizijua tangu utotoni kwa sababu alikuwa hachoki kuzipiga. Moja sikuwahi kuiona. Haina jalada, ilikuwa imefungwa kwa karatasi ya gazeti, na kwenye lebo ya RCA imeandikwa Brian Auger's Oblivion Express, Closer to It! Upande wa kwanza una mkwaruzo mrefu kuanzia ukingoni, kwa hiyo kila mzunguko sindano inagonga. Nikasema niiweke tu nisikie ni nini, halafu niirudishe boksini.

Sikuirudisha. Nilikaa sakafuni mpaka ikaisha, na kugonga kwake kote. Besi inazunguka palepale kama mtu anayetwanga, tumba zinajaza kila nafasi iliyobaki, na juu yake kuna kinanda ambacho sijawahi kusikia kikipigwa namna ile. Hakilii kama cha kanisani. Kinauma maneno, kinayaachia, halafu kinatetemeka kama mtu aliyeshikwa na kwikwi ya kulia. Na anayeimba anaimba kwa utulivu, karibu kama anazungumza na mtu aliyekaa naye chumba kimoja.

Kesho yake nikatafuta mtandaoni nikapata albamu yao nyingine, Second Wind. Nikashangaa. Bendi ni hiyohiyo, kinanda ni kilekile, lakini anayeimba ni mtu mwingine kabisa! Huyu anapanda juu mpaka unahisi koo lake litachanika, na hachaniki.

Maswali yangu ni haya. Anayeimba kwenye Closer to It! ni nani, na yule wa Second Wind ni nani? Ule mtetemo wa kinanda unatoka wapi, ni kidude fulani cha umeme au ni vidole vyake? Na la tatu, ambalo linaniuma zaidi: nimewauliza watu wanne ninaowaamini kwa mambo ya muziki, wote wanawajua wapiga roki wa miaka ile kwa majina mpaka ya wapiga dramu wao. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuisikia bendi hii. Imekuwaje?

MkonoWaKushoto

Marahaba mdogo wangu, na pole sana kwa msiba wa mjomba. Mtu aliyekuwa na Closer to It! ndani ya boksi lake alikuwa na sikio.

Nitakujibu kwa urefu kwa sababu hii ndiyo bendi iliyonifanya nibadili namna ninavyokalia kinanda. Nimepiga kinanda kanisani miaka 22, na kwa miaka 9 ya mwanzo nilipiga kama nilivyofundishwa: mikono imetulia, nota zimenyooka, mguu umekaa mahali pamoja. Kisha nikasikia santuri hiyohiyo uliyonayo.

Anayeimba kwenye Closer to It! ni Brian Auger mwenyewe, yule yule anayepiga kinanda. Wa Second Wind ni Alex Ligertwood, Mskoti, ambaye baadaye aliimba miaka mingi na bendi ya Santana. Second Wind ilitoka 1972. Ligertwood akaondoka, Auger akabaki na nyimbo zinazohitaji mwimbaji, akashika kipaza sauti mwenyewe. Closer to It! ikatoka 1973, na Straight Ahead ikafuata 1974 akiwa bado anaimba yeye. Baadaye Ligertwood akarudi. Kwa hiyo masikio yako hayakukudanganya.

Watu wengi wanaoijua bendi hii watakuambia uanze na albamu za Ligertwood, kwa kuwa sauti yake ni kubwa. Mimi nakuambia baki hapohapo ulipo. Sauti ya Auger ni ya kawaida, haina mbwembwe, haipandi sana. Lakini msikilize anavyotumia pumzi. Anaimba mstari mfupi, ananyamaza, na palepale aliponyamaza kinanda kinapokea. Sentensi inaanzwa na mdomo inamaliziwa na vidole. Mwimbaji na mpiga kinanda wakiwa watu wawili, hata wakipendana vipi, kuna nywele ya nafasi kati yao, mmoja anamsubiri mwenzake. Hapa hakuna wa kusubiriwa. Mtu mmoja anafikiri wazo moja na analitoa kwa milango miwili.

Sasa mtetemo. Swali hili nimeulizwa mara nyingi, na nina tukio la kukusimulia.

Kinanda anachopiga ni Hammond. Ndani yake hamna filimbi wala upepo. Kuna magurudumu madogo ya chuma, kwenye aina ya Hammond iitwayo B-3 yapo 91, yenye meno pembeni, yanayozungushwa na mota muda wote. Kila gurudumu linapita mbele ya sumaku yenye waya uliozungushiwa, na meno yale yakipita yanazaa umeme mdogo ambao ndio sauti. Ukibonyeza kitufe kimoja unagusisha nyaya 9 kwa mpigo, na zile nyaya zikigusa zinatoa mlio mdogo, tak. Mafundi wa Hammond waliuhesabu mlio ule kuwa kasoro, wakataka kuuondoa. Wapigaji wa jazi wakaupenda, kwa sababu unaifanya kila nota ianze kwa konsonanti. Hicho ndicho ulichokiita kuuma maneno. Umesikia sawasawa kabisa.

Halafu juu ya vitufe kuna vijiti vya kuvuta, 9 kwa kila seti, kila kimoja kina namba kuanzia 0 hadi 8. Unavivuta kuamua sauti iwe nene au nyembamba. Jimmy Smith, ambaye wapigaji wote wa jazi wa Hammond ni watoto wake kwa namna moja au nyingine, alivivuta vitatu vya mwanzo mpaka mwisho na kuviacha vingine sita ndani. Auger alikuwa mpiga piano wa jazi jijini London, na piano yake ilishampatia ushindi kwenye kura za wasomaji wa Melody Maker, gazeti la muziki la Uingereza, mwaka 1964. Siku moja akipita sokoni Shepherd's Bush akasikia santuri ya Jimmy Smith inapigwa kwenye duka. Akaingia kuuliza ni kitu gani kile. Piano ikaanza kuachwa nyuma siku hiyo.

Lakini mtetemo hautoki kwenye kinanda. Unatoka kwenye spika. Inaitwa Leslie, ni kabati la mbao kama kabati la nguo la mtoto. Ndani yake juu kuna pembe inayozunguka, chini kuna pipa linalozunguka. Sauti inakujia, inakupita, inakurudia. Mpigaji ana swichi moja: taratibu au kasi. Akiibonyeza, pembe ya juu inapata kasi haraka kwa sababu ni nyepesi, pipa la chini linachelewa sekunde kadhaa kwa sababu ni zito. Hicho kipindi cha katikati, pembe ishafika na pipa bado linajivuta, ndicho ulichokisikia kama kwikwi ya kulia.

Kanisani kwetu tunayo Hammond ya zamani, na Leslie yake. Tulikuwa watu wanne kukishusha ngazi kinanda kile, na nusura tukiachie. Siku moja katikati ya wimbo wa toba mkanda wa pembe ukakatika. Vitufe vinafanya kazi, nota zote zipo, sauti inatoka. Lakini ilikuwa kama mtu aliyekufa macho yakiwa wazi. Mama mmoja aliyekaa mbele aligeuka kuniangalia, akidhani nimeacha kupiga. Sikuwa nimeacha. Siku ile ndipo nilipoelewa kwamba nusu ya kile nilichokiita kipaji changu ilikuwa mkanda wa mpira.

Nusu nyingine ni mguu wa kulia. Piano ukiipiga kwa nguvu inalia kwa nguvu. Hammond haijui nguvu yako. Ubonyeze kwa kidole au kwa ngumi, sauti ni ileile. Kupanda na kushuka kote kunafanywa na kanyagio moja chini ya mguu. Kinanda hakina pumzi, mguu ndio unaokipumulia. Rudia wimbo wa kwanza wa santuri yako usikilize vituo tu, usisikilize nota. Utamsikia Auger akivuta pumzi kwa mguu mahali palepale anapoivuta kwa mdomo.

Na jina langu la humu linatokana na jambo moja zaidi. Jimmy Smith alipiga besi mwenyewe, kwa mkono wa kushoto na miguu. Oblivion Express ilikuwa na mpiga besi wake, Barry Dean. Kwa hiyo mkono wa kushoto wa Auger uko huru. Hauko kazini, unazungumza. Unaweka kodi fupi, yaani nota kadhaa zinazobonyezwa kwa pamoja, kwenye nyufa za tumba, unaondoka kabla hujauzoea. Nilitumia mwaka mzima kujifunza kuondoa mkono wangu wa kushoto mahali usipohitajika. Ni kazi ngumu kuliko kuuongeza.

Kuhusu kusahaulika nitarudi jioni, nimeitwa.

TumbaNaBesi

Mkuu MkonoWaKushoto kasema vizuri lakini kaniachia la kwangu. Mimi napiga besi, na bendi hii kwangu ni bendi ya chini, ya besi na ngoma.

SikioLaJioni, tafuta Live Oblivion. Ilirekodiwa ukumbini Whisky a Go Go, Hollywood, ikatolewa kwa sehemu mbili, ya kwanza 1974 na ya pili 1976. Ligertwood yupo, Dean yupo, Lennox Langton yuko kwenye tumba, na kwenye dramu ni Steve Ferrone akiwa bado kijana. Nyimbo ulizozisikia studioni zikitembea, hapo zinakimbia bila kuhema. Sehemu ya pili ina kile kipande maarufu cha mpiga piano wa jazi Herbie Hancock, Maiden Voyage, na hapo Dean anakaa kwenye nota zake kama nanga huku kila kitu juu yake kinaelea.

Watu wanasema hawaijui bendi hii, ila wanawajua watoto wake. Mpiga dramu wa kwanza, Robbie McIntosh, alitoka hapa akaenda Average White Band. Alifariki Los Angeles mwezi wa tisa 1974, na aliyechukua kiti chake kule ni Ferrone, ambaye naye alitokea Oblivion Express. Kiti kimoja, bendi mbili, wapigaji walewale! Ferrone baadaye alipiga na mwanaroki Tom Petty miaka mingi. Mpiga gitaa wa mwanzo, Jim Mullen, akaenda kuunda Morrissey-Mullen na mpiga saksafoni Dick Morrissey. Ukiisikiliza Oblivion Express unasikia mto kabla haujagawanyika.

Na msikilize Dean kwenye Bumpin' on Sunset, ile ya Straight Ahead. Ni wimbo wa Wes Montgomery, mpiga gitaa. Hawa wameuchukua wakaufanya uwe wa besi na kinanda. Mstari wa besi ni mmoja na haubadiliki kwa dakika nyingi. Nimeupiga na kundi letu, na kidole changu cha pili kilitoka lengelenge kwa sababu nilikuwa nakibana mno. Mstari ule hautaki nguvu, unataka subira.

BintiSanturi

Habari zenu kaka zangu. Nawaheshimu wote ila naona mnamsukuma mdogo wetu upande mmoja.

Swali lake lilikuwa juu ya sauti. Kama kinachomvuta ni sauti yenye roho juu ya kinanda cha Hammond, kuna bendi iliyosahaulika kuliko hiyo mara kumi. Affinity. Ni Waingereza pia, walianzia miongoni mwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sussex wakipiga jazi tupu. Walipompata mwimbaji Linda Hoyle mambo yakageuka. Wakati wa uhai wao walitoa albamu moja tu, inaitwa Affinity vilevile, mwaka 1970, kwa lebo ya Vertigo. Kinanda kinapigwa na Lynton Naiff, besi ni Mo Foster, gitaa Mike Jopp, dramu Grant Serpell. John Paul Jones wa Led Zeppelin aliwaandikia mipangilio ya tarumbeta na zeze kwenye baadhi ya nyimbo. Meneja wao alikuwa Ronnie Scott, yule mwenye klabu ya jazi ya London.

Wanafunga kwa wimbo wa Bob Dylan, All Along the Watchtower, ambao kila mtu anaujua kwa gitaa la Jimi Hendrix. Affinity wameunyoosha ukapita dakika 11, na aliyekamata usukani ni Naiff kwenye kinanda. Hoyle anaimba mwanzoni kama mtu anayeleta habari mbaya na hataki kuwa yeye wa kuileta. Nikiwa nasoma shule ya bweni nilikuwa na wimbo huu kwenye kanda, upande mmoja haukutosha, ukakatika kabla ya mwisho. Miaka sita sikujua unavyoishia. Nilipoupata wote nilisimama katikati ya chumba mpaka nota ya mwisho, sikuweza kukaa.

Auger ni mpigaji mkubwa, nakubali. Ila namwona kama mtu anayeimba kwa kuwa hapakuwa na mwingine. Hoyle anaimba kwa sababu asipoimba ataumwa. Bendi ikavunjika, yeye akatoa albamu yake moja, Pieces of Me, 1971, akaacha mambo hayo akahamia Kanada. Ya pili, The Fetch, alikuja kuitoa 2015, tena Mo Foster akiwa naye. Miaka 44 kati ya albamu mbili.

SikioLaJioni

Nawashukuru mno. Nimesoma jibu la kaka MkonoWaKushoto mara tatu, halafu nikazima taa nikarudia wimbo wa kwanza, nikafuata mguu tu kama alivyoniagiza. Mwanzoni sikusikia lolote. Mara ya tatu nikaanza kuusikia, ule uvimbe mdogo kabla ya mstari kuanza. Sasa siwezi kuacha kuusikia, hata kwenye nyimbo za watu wengine.

Dada BintiSanturi, Affinity nimeipata. Nimesikiliza mara moja nikanyamaza. Nahitaji siku kadhaa kabla sijasema neno.

Kaka, ulisema utarudi kuhusu kusahaulika. Bado nasubiri.

MkonoWaKushoto

Nimerudi, samahani kwa kuchelewa.

Kwanza dada BintiSanturi. Hoyle simpingi, sauti ile naifahamu na ina haki ya kila neno ulilosema. Lakini kwamba Auger aliimba kwa kuwa hapakuwa na mwingine, hilo ni kweli kabisa, na ndiyo sababu ninampenda hapo. Yeye alikuwa amekaa na waimbaji wakubwa. Mwaka 1965 alikuwa kwenye Steampacket, na waliosimama mbele walikuwa Long John Baldry, Rod Stewart na Julie Driscoll, watatu kwa mpigo. Bendi ile mikataba iliibana, haikutoa albamu ikiwa hai. Kisha yeye na Driscoll wakawa na bendi iitwayo Trinity, na mwaka 1968 wimbo wao This Wheel's on Fire ukafika namba 5 Uingereza. Mtu aliyekaa nyuma ya sauti kama ya Driscoll anajua vizuri kabisa sauti yake mwenyewe inaishia wapi. Akaimba hata hivyo, akaikata mistari ifupike mpaka ikamtosha, na palipobaki akaweka kinanda. Ningempa mtu mwenye sauti kubwa zile nyimbo za Closer to It!, angezijaza zote, na kinanda kisingekuwa na pa kusemea.

Angalia wanavyouchukua wimbo wa Marvin Gaye, Inner City Blues. Gaye aliuimba 1971 akijiwekea sauti zake mwenyewe juu ya sauti zake, kama mtu aliyezungukwa na nafsi zake zikilalamika. Auger hana uwezo huo na hajaribu. Zile sauti nyingine za Gaye kazipa kinanda.

TumbaNaBesi, nakushukuru kwa Ferrone na McIntosh. Hiyo ya kiti kimoja sikuwa nimewahi kuiwaza hivyo.

Sasa kusahaulika. Jina lenyewe, Oblivion Express, tafsiri yake ni treni ya kasi iendayo kusahaulika, na Auger alieleza kwa nini alilichagua. Trinity ilivunjika 1970. Alikuwa na jina, alikuwa na wimbo uliofika juu, angeweza kutafuta mwimbaji mwingine wa kike mwenye sura nzuri akaendelea na njia ileile. Akaamua kupiga anachokisikia kichwani, jazi na roki na soul pamoja, akijua uamuzi huo unampandisha treni ya kwenda mahali ambapo hakuna atakayemkumbuka. Akaipa bendi jina la safari yenyewe.

Na treni ikafika karibu na pale alipotabiri. Yeye alisema tangu mwanzo kwamba anataka kujenga daraja kati ya watu wa jazi na watu wa roki. Mwenye daraja hana kijiji. Wa jazi walisikia gitaa la umeme na dramu nzito wakasema huyu katuacha. Wa roki walisikia kodi zenye nota tano sita na solo isiyopiga kelele, wakasema hii ni ya wazee. Wa soul walisikia Mwingereza anayeimba kwa upole. Dukani santuri zake ziliwekwa kabati tofauti kila mji, na mtu asiyejua kabati lako hakupati. Kuna bendi za wakati ule zilizochanganya mambo hayohayo zikafanikiwa, lakini nyingi zilikuwa na tarumbeta mbele, na tarumbeta inasikika mpaka nje barabarani. Kinanda kinamtaka mtu aingie ndani akae.

Bado alisikika kwa waliokuwa na masikio. Wimbo wake Happiness Is Just Around the Bend, uliomo humo humo kwenye upande wako wenye mkwaruzo, kundi la soul la Marekani, The Main Ingredient, liliuchukua likautoa 1974. Fikiria hilo: Wamarekani weusi, wenye muziki wenyewe, wanaazima wimbo wa soul kwa mpiga kinanda wa London. Mimi sijui sifa nyingine ambayo Auger angeihitaji.

Na hakuacha. Miaka mingi baadaye aliirudisha Oblivion Express, mwanawe Karma kwenye dramu na binti yake Savannah akiimba. Nimetazama picha za video za safari hizo. Nywele nyeupe, miwani, na mguu wa kulia haujapumzika. Binti anamaliza mstari, baba anaudaka.

Kuhusu santuri yako: usiitupe na usiisugue kwa kitambaa kikavu. Maji safi yaliyochujwa na tone moja la sabuni ya vyombo, kitambaa laini, fuata mzunguko wa mifereji usiikate. Lebo usiiloweshe. Mkwaruzo hautatoka, ila vumbi lililojaa ndani yake litatoka, na kule kugonga kutapungua sauti. Ya kwangu nayo inagonga, kwenye wimbo wa pili. Nikiusikia wimbo ule mahali pengine bila kugonga nahisi umepungukiwa.

TumbaNaBesi

Kaka, hilo la mwenye daraja hana kijiji umenigusa. Ila kidogo nikusahihishe: gitaa la Jack Mills kwenye Closer to It! si zito hata kidogo. Limekaa nyuma likikatakata midundo kama mtu anayechanja kuni mbali. Wa jazi wangelisikiliza vizuri wasingelilalamikia.

MkonoWaKushoto

Kweli. Nilikuwa na albamu ya kwanza ya 1971 kichwani, ya Mullen, ile ndiyo yenye makali. Nimekubali.

BintiSanturi

Nami nimeirudia Closer to It! jana usiku kwa sababu ya maneno yenu, baada ya miaka mingi. Bado namweka Hoyle mbele. Ila pale kwenye wimbo wa Gaye nilisikia kile ulichokisema, kinanda kinaitikia kama watu walioko chumba cha pili. Sikuwahi kukisikia. Nilikuwa nikimsikiliza Auger nikimlinganisha na Gaye, basi nikawa nasikia kilichopungua tu.

SikioLaJioni

Nimeiosha kama ulivyoelekeza, kaka. Maji yalitoka ya kijivu. Upande wa kwanza bado unagonga ila sasa ni mbali, kama mtu anayebisha hodi nyumba ya jirani.

Kumbe gazeti alilolifungia mjomba nilikuwa sijalifungua lote. Kwenye kona ameandika kwa kalamu ya risasi nyimbo za upande wa pili, kwa mpangilio, mwandiko wake uleule wa kulalia kushoto. Pembeni ya Inner City Blues ameweka alama ya vema mbili. Sindano nimeishusha hapo.